Mkono Wako Kwenye Kamera

Butembo, tarehe 19 Agosti 2025

Kaka Yassini,

Salamu kutoka kwetu sote. Naandika kwa kuwa simu hupokei. Mvua ni nyingi, na gari la baba mdogo Issaka bado limekwama njia ya Kirumba.

Ile kamera ya hapo kazini kwako Ubelgiji, inayoonyesha watoto wa mbwa mtandaoni mchana kutwa, mama aliizoea. Yeye ambaye hakuruhusu mbwa hata uani kwetu alikuwa anashika simu yangu kutwa, akingoja mkono wako uingie kuwawekea maziwa.

"Ona mukono yake," aliniambia, "haikukonda."

Jumapili asubuhi baba alifariki. Nilikupigia kwa simu yake mwenyewe, huku mama akikutazama kwenye yangu. Ulikuwa umechuchumaa katikati ya wale mbwa. Ulitoa simu mfukoni, ukasoma jina la baba, ukairudisha. Kisha ukambeba mbwa mmoja mdogo, ukambusu kichwani. Nilipopiga tena, hukuitoa hata kuitazama.

"Iko na kazi mingi," mama akasema. "Hapana kumusumbua."

Tulimzika baba alasiri. Watu wa msikitini walipokuja kumchukua, wakauliza mtoto wake wa kwanza yuko wapi, mama alijibu kwamba hukupatikana, réseau ya simu ilikuwa mbaya. Nami niliitikia, maiti ikiwa mbele yetu.

Tangu siku hiyo mama hajaomba simu yangu. Usije ukampigia kumwomba msamaha. Mwambie réseau ilikuwa mbaya, asibaki peke yake na uongo huo.

Dada yako,
Mapenzi