Kamba za Meli ya Chai

Bulyaga, Tukuyu
Jumapili, baada ya ibada

Dada yangu Tulia,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Songea, na ule mguu umepunguza kuuma. Mimi nipo, mwili hauna neno. Mvua hapa haijui kupumzika. Migomba imelazwa na upepo, na nguo nikizianika narudi nazo mbichi.

Tangu tumzike mke wangu Agness nyumba imekuwa kubwa. Napika ndizi za mtu mmoja, nazo zinabaki. Mwanangu Jairo aliliona hilo alipokuja Krismasi na boksi la vipande vya mbao kutoka Dar. Ni meli ndogo ya kuunda kwa mkono, mfano wa zile za matanga zilizobeba majani ya chai kutoka China zamani, kabla ya meli za injini. Alisema baba aliyekausha chai kiwandani miaka yote hiyo aione basi ilivyokuwa ikisafiri. Nilicheka, ila alipoondoka nililifungua.

Mbavu za meli nilizibandika mwenyewe. Gundi haikauki kwa unyevu huu, ikabidi nizining'inize juu ya jiko la mkaa kama samaki wa Kyela. Milingoti mitatu ikasimama. Ikaja kazi ya kamba, nyuzi nyembamba kama nywele, na vidole vyangu unavijua. Nikamwomba jirani yangu Sekela, fundi cherehani, mjane wa marehemu Hosea, anisaidie kufunga mafundo. Akawa anakuja jioni akishafunga kazi. Hatukuwa na maneno mengi. Yeye aliimba pambio, mimi nikamshikia uzi. Ndizi hazikubaki tena.

Kabla ya Pasaka meli ikakamilika. Majirani walikuja kuitazama, wakaisifu. Sekela akakusanya sindano zake, akaaga. Baada ya hapo hodi sikuisikia tena.

Dada, haya nakuambia wewe tu. Nilichukua mkasi nikakata kamba za mlingoti wa mbele, kisha nikamwita Sekela, nikamwambia paka ameziharibu. Akazifunga upya zote, hata pambio hakuimba. Alipofika mlangoni, mwavuli mkononi, ndipo akasema: "Baba Jairo, wewe huna paka. Siku ukitaka nije, sema nije."

Tangu hapo tunasalimiana kanisani tu. Nimefika hadi uani kwake, nikageuka. Mtu mzima naogopa neno moja! Jairo naye sijamwambia, na mbele ya picha ya Agness napita nimeinamisha kichwa.

Nakuomba uje, dada, ukaniombee uchumba kwake kama desturi yetu ilivyo. Akikataa nitapokea. Kinachonishinda ni huku kutojua.

Msalimie sana shemeji, na wajukuu wote wape pole za shule. Jumamosi ya mwisho wa mwezi nitakuwa stendi nikingoja magari ya kutoka Mbeya, hata kama hutakuwa umenijibu.

Ndimi mdogo wako,
Lugano