Historia ya Marehemu Yona

Jumatatu, 12 Mei 2025

Insha zote mbili zimerudi. Ya fasihi ya Kiingereza, mwalimu kaandika kwa wino mwekundu: hii ni historia, riwaya yenyewe iko wapi? Ya historia: hii ni hadithi, ushahidi uko wapi? Nimekuwa popo — si ndege, si mnyama!

Mwaka wa pili huu wa fasihi na historia. Nyumbani Olmotonyi bado wanauliza, ukimaliza hiyo kozi unakuwa nani? Naamka, nakwenda darasani, najiona mjinga kwa lugha mbili.

Nikampigia kaka Yona huku nalia. Alikuwa kwenye karakana yake ya useremala, Ngarenaro, mashine ya randa inanguruma. Akacheka. Njoo Jumamosi, akasema, wifi yako Salha atapika pilau, ulete hizo insha nizisahihishe mimi, nitakupa maksi zote. Kiingereza chenyewe hajui! Eti binti yao Batuli sasa anaweza kusema "shangazi".

Nyumbani majina hayo mawili hayatajwi. Salha ni Mwislamu, na ndoa hawakufunga.

Alhamisi, 15 Mei

Yona amekufa. Lori. Alikuwa anavuka barabara kwenda kazini.

Siwezi.

Ijumaa, 16 Mei

Olmotonyi. Mvua, matope, turubai limefungwa uani. Watu wananipa pole, naitikia, sijui naitikia nini.

Jioni kikao cha ukoo. Tangu baba afariki, mwenye kauli ya mwisho ni baba mkubwa Nathanael, mzee wa kanisa. Akanigeukia. Soila, wewe si ndiyo unasoma historia? Basi utaandika historia ya marehemu na kuisoma siku ya kuzika. Kuzaliwa, ubatizo, shule, kazi. Hakuoa. Hakuacha mtoto.

Nikasema, "Baba mkubwa, Batuli je?"

"Nani?"

Mama akaangalia chai yake mpaka ikapoa.

Jumamosi, 17 Mei

Salha amekuja. Kanga imelowa, Batuli mgongoni. Hakuna aliyempa kiti. Akapiga goti mbele ya Mama, "Shikamoo mama." Mama akaitikia, kwa sauti ndogo — lakini aliitikia. Kisha Salha akaenda zake kukaa na akina mama wa jirani wanaomenya ndizi.

Nilikuwa nyuma ya jiko na karatasi yangu. Akanifuata.

"Wifi, unaandika nini?"

"Historia yake."

"Tumo?"

Nikaenda kukoroga sufuria ya makande ambayo mwenzangu alikuwa ameshaikoroga. Mungu wangu. Neno moja tu kaniuliza.

Jumapili, 18 Mei

Niliandika. "Ameacha mwenza, Salha, na binti, Batuli." Sentensi fupi, ya kweli. Pengine ndiyo sentensi nzuri pekee niliyowahi kuandika.

Baba mkubwa akaisoma, akaifuta kwa kalamu yake. Hakukasirika, na hilo ndilo baya zaidi. Akasema taratibu kwamba mchungaji akisikia haya mbele ya watu, Yona atazikwa bila ibada. Unataka hivyo? Nikamjibu hatujui mchungaji atafanya nini, hatujamuuliza. Akasema wewe umesoma, lakini mwana anayezikwa si wako.

Nikamkimbilia Mama. Nilidhani atanisaidia. Akanishika mikono yote miwili. "Mwanangu, niache nimzike kwa wimbo. Nimebakiwa na hilo tu."

Darasani tunabishana vizuri sana juu ya walioachwa nje ya kumbukumbu. Tunanyoosha vidole! Hakuna anayetuambia kwamba anayewaacha nje ni mama mwenye macho yaliyovimba.

Nimenakili upya. Hakuoa. Hakuacha mtoto. Mwandiko wangu mwenyewe.

Jumatatu, 19 Mei

Jeneza liko mbele. Kwaya inaimba. Naandika nikiwa kwenye kiti, watu wanadhani narekebisha historia.

Salha yuko nyuma kabisa, mwisho wa turubai, nusu yake inanyeshewa. Jana sikumwambia kitu. Leo hajaniangalia.

Baba mkubwa kanionyesha kidole kimoja: ukurasa mmoja, usizidishe.

Natamani kozi yangu ingekuwa uhasibu. Natamani kulala. Natamani Yona anicheke.

Kuna minong'ono. Batuli kamponyoka mama yake! Anapita katikati ya viti, miguu mitupu, matope hadi magotini. Salha kasimama, hathubutu kumfuata. Mtoto anatafuta uso anaoufahamu, ananijia mimi — hapana, kampita Mama, karudi, kasimama mbele yake. Anamtazama.

Mama kamtazama.

Mama kampakata. Kamfunika kwa kitenge chake cheusi, na matope yote yale.

Baba mkubwa ameona. Mchungaji ameona, kafunga kitabu chake cha nyimbo, kaweka kidole katikati.

Kwaya imenyamaza. Naitwa. "Dada wa marehemu, msomi wetu, atusomee." Karatasi yangu bado inasema hakuacha mtoto. Mama ananitazama juu ya kichwa cha Batuli, siwezi kusoma uso wake, nasimama —