Usihame Waifai Kabla Sijakuambia Ukweli

Birongo,
Kisii.

Jumapili, 9 Novemba 2025.

Mpendwa Dada Nyanchama,

Pokea salamu za nyumbani, nyingi kama mvua ya wiki hii. Hujambo wewe? Shemeji na watoto hawajambo? Baridi ya Minnesota imeshaanza kung'ata, au bado inawahurumia? Na ule mguu uliokuwa ukivimba ukisimama zamu ndefu, umepoa? Sisi huku tunaamka, kwa neema ya Mungu. Mvua haikosi alasiri hata moja, migomba imebeba mpaka tunaiegemeza kwa miti, na majani chai yanatushinda kuchuma. Baba yuko salama, ila ana kikohozi. Hicho kikohozi nitakieleza, kwa sababu kimetoka kwangu.

Utashangaa kupata karatasi katika siku hizi za kutumiana ujumbe. Kwa simu tungeongea Ekegusii, nami katika Ekegusii nina maneno mengi ya kujitetea. Barua tulifundishwa kwa Kiswahili na marehemu Mwalimu Nyasani, aliyekuwa akituchapa kwa kukosea anwani tu, na naona ndani ya Kiswahili cha shule siwezi kucheza sana. Linet, binti ya Shangazi Nyakerario wa Nyaramba, anakuja huko Alhamisi kwa masomo, na ameahidi kukutia barua hii mkononi. Sijamwambia yaliyomo.

Habari nzuri kwanza, maana ni chache. Mke wangu Jemimah amechaguliwa kiongozi wa Dorkasi, chama cha akina mama kanisani, na sasa hata mimi ananiita kwa sauti ya mkutano. Ng'ombe wa Baba amezaa ndama jike na Baba amempa jina lako. Usikasirike. Anasema ndama huyo anajua kuita watu, na hakai kimya akiwa na neno.

Sasa lile uliloniuliza. Mwezi jana uliniambia niichunguze kampuni mpya ya mtandao, ile iliyobandika mabango mpaka kwenye vibanda vya sokoni, nikuambie kama tuhamie kwao. Ulisema ile unayolipia ni ghali na sura ya Baba inaganda kila Sabato mkiongea. Ukasema, "Omwenga, wewe uko hapo. Ukiamua, mimi nitafuata."

Nimechunguza. Kampuni mpya ni karibu nusu ya bei, hilo ni kweli. Wakala wao, bwana mmoja mpole anayeitwa Fred, alikuja Jumanne kupima, na hakunificha kitu. Mtandao wao unatoka kwenye mnara, kwa hewa, na mvua ikikaza hulegea. Huu wetu unakuja kwa waya. Hayo ndiyo ya kweli kuhusu kampuni mbili. Mengine yote niliyokuambia juu ya kampuni yetu, kwamba ni wezi, kwamba walituwekea waya mbovu, kwamba nimewapigia simu mara tano, niliyatunga. Sijawapigia hata mara moja.

Dada, kisanduku cha waifai hakikuwa kwa Baba. Tangu Juni kilikuwa kwangu.

Ulipoanza kulipa mwezi wa Machi, baada ya kumwona Baba akiwa peke yake tangu tumzike Mama, fundi alikiweka sebuleni kwake juu ya kabati ya vyombo. Unazikumbuka Sabato za kwanza? Alikuwa haonji chakula mpaka akuone. Alikaa kwenye kiti chake na koti la kanisani, akakuonyesha hata kilichokuwa ndani ya sufuria, na ulimwona mpaka mikunjo ya macho.

Kisha tawi la mkaratusi likaangukia waya. Siku fundi alipokuja kuuunga, Baba alikuwa shambani, nami nikamwambia fundi aufikishe kwangu. Nilijiambia ni siku mbili tu, kuna mechi nataka kuona. Siku mbili zikawa miezi mitano. Wenzangu wa sokoni wakazoea kuja, nyumba ikajaa, nami nikawa mtu wa maana katika Birongo. Siku za Sabato pia, Mungu anisamehe, tukiwa tumetoka kanisani na nyimbo bado ziko mdomoni. Nilipenda kuwa mtu wa maana. Sababu ni hiyo, na sina nyingine ya kukupa.

Unajua Baba anavyoishika ensoni, ile miiko yetu ya heshima. Wazee wengine siku hizi wameachilia, yeye hapana. Mimi naweza kuingia sebuleni kwake na kunywa chai. Yeye, tangu nilipomleta Jemimah, hajavuka kizingiti changu, na hatakivuka, maana baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Nilipokuwa nahamisha kile kisanduku sikulikumbuka hilo. Nilifikiri tu kwamba Baba atakuja kwangu kuongea nawe, akae kwenye kochi. Nilifikiri kama mtu asiyezaliwa hapa.

Basi mtandao ukawa haufiki kwake vizuri, kutoka kwangu hadi kwake ni hatua arobaini na migomba iko katikati. Na bando za simu unajua hazishiki huku bondeni. Baba hakuuliza kitu. Alitafuta mwenyewe mahali mtandao unaposhika, akapata ukuta wangu wa nyuma, karibu na pipa la maji. Hakutaka kukaa upande wa mlango kwa sababu ya kumheshimu Jemimah. Kila Sabato alasiri alisimama pale chini ya ukingo wa mabati, na koti lake la kanisani, akakupigia.

Ulimwambia siku moja, "Baba, siku hizi umependa upepo," akacheka. Ukamuuliza zile kelele ni za nini, akakuambia ni redio ya jirani. Ilikuwa mimi na wenzangu, ndani, tunashangilia bao.

Sitaki udhani sikujua. Jemimah aliniambia mwezi wa Julai. Yeye mwenyewe hangeweza kutoka akaketi na baba mkwe wake, kwa hiyo aliweka kigoda pale kabla ya Baba kufika, akaondoka. Nilimjibu kwamba Mzee anapenda hewa safi. Halafu siku moja ya Agosti niliinuka kuchukua maji, nikatazama dirishani. Mvua ilikuwa inanyesha. Baba alikuwa amejibana ukutani, simu ameifunika kwa kofia isilowe, na wewe ulikuwa unaganda, akawa anasema, "Nyanchama? Nyanchama, uko?" Nilivuta pazia, Dada. Nikarudi kukaa.

Nimeandika mstari huo mara tatu nikiufuta. Wewe unawalaza na kuwafunika blanketi wazee wa watu usiowajua, ili ulipie baba yako mtandao, na mimi mwanawe wa kumzaa nikavuta pazia.

Ulipotaja habari ya kuhama, nilifurahi kama mwizi aliyeonyeshwa mlango wa nyuma. Nikapanga hivi: tukihamia kampuni mpya wataleta kisanduku kipya, kitakaa kwa Baba, sura yake itakuwa safi, wewe utalipa nusu na utasema kampuni ya kwanza ndiyo ilikuwa mbovu. Ujumbe wa kukuambia "tuhame" nilikuwa nimeshauandika. Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu niliona bado ina kona moja ya kupita.

Jumanne hiyo Fred alisimama sebuleni kwa Baba akatazama simu yake. Akauliza, "Mzee, humu ndani mtandao ni kidogo sana. Kisanduku mmeweka wapi?"

Baba akajibu kabla yangu. "Kiko kwa mwanangu. Ni mimi nilimwambia akiweke huko. Hapa kilikuwa kinanisumbua macho na taa zake."

Baba ni mzee wa kanisa. Alituchapa wote wawili kwa uongo wa yai moja. Na amesema uongo mbele ya mgeni ili mimi nisiaibike, kisha akamkaribisha Fred ndizi mbivu kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilimsindikiza Fred mpaka barabarani na sikusikia hata neno moja alilosema.

Ijumaa nilimleta fundi, akarudisha waya na kisanduku kwa Baba kabla jua halijatua na Sabato kuanza. Kwangu sasa hakuna kitu, na wenzangu wa sokoni wamenuna. Wacha wanune.

Halafu jana ukapiga. Ukamwona Baba mzima, na kiti chake, na mikunjo yake, ukalia kwa furaha. Ukaniita nije mbele ya simu ukasema, "Asante ndugu yangu. Najua umewasumbua hao watu mpaka wakatengeneza." Nami nikatabasamu. Utakuwa unakumbuka kwamba nilitabasamu. Asante yako imenikaa kooni kama mwiba wa samaki, na ndiyo sababu leo nimeshika kalamu.

Kuhusu kuhama, usiniachie tena kuamua. Ukitaka ushauri wangu, kama bado una uzito, tubaki na huu wa waya. Mnaongea alasiri, na alasiri huku ndiyo mvua. Kuanzia Desemba nitaulipia mimi, na usidhani nanunua msamaha, najua hauuzwi. Kikohozi cha Baba, alichokipata kwa kunyeshewa nyuma ya ukuta wangu, nimekipeleka hospitali, wamempa dawa na wamesema mapafu ni mazima. Namshukuru Mungu kwa hilo kuliko ninavyoweza kuandika.

Nisalimie shemeji, umkumbatie Natasha na mdogo wake Mose. Jemimah anakusalimu sana. Shangazi Nyakerario anasema umtunze Linet, huyo msichana hajui baridi. Edinah, uliyekuwa ukiimba naye kwaya, anakuulizia kila Sabato.

Limebaki moja. Jana, ulipokata simu, nilimpigia Baba magoti pale sebuleni kwake, nikamwambia nitakueleza yote. Aliifuta simu kwa kitambaa. Kisha akasema, "Usimwambie. Yule mtoto yuko mbali. Akijua, ataona hana ndugu, amebaki na mimi tu huku, na mimi ni mzee."

Sikumtii. Nimeona ni afadhali ujue uliye naye.

Mungu akulinde katika zamu zako na akurudishe kwetu ungali na nguvu.

Ni mimi nikupendaye, hata leo ninapoona haya kuliandika jina langu,

Omwenga.