Mfuniko wa Tenki la Molasi

Jumanne, 4 Machi
Nimemuuliza meneja: mtu akizimia ndani ya tenki la molasi, ule uji mweusi wa miwa, anatolewaje? Akasema tutawapigia zimamoto. Nikamwambia hewa ya mle mbovu — mpaka wafike watakuta maiti, na atakayeruka kumwokoa atamfuata. Basi wewe ndiye afisa usalama, akasema, panga. Haya. Nimepanga: kipimo cha hewa, feni, kamba, winchi ya kumvuta mtu juu, na mlinzi wa kukaa kwenye tundu la juu, asiyeingia hata iweje.

Ijumaa, 7 Machi
Zoezi la kuokoa, kwenye tenki dogo lililooshwa. Tundu lake sawa na la lile kubwa. Mjomba akajitolea kuwa mgonjwa. Ndiye mkuu wa wasafisha matenki, ndiye aliyenitafutia kazi hapa. Na ana mwili, mashallah. Akajilaza chini, akakoroma kwa utani. Watu hoi kwa kicheko.

Tukavuta. Akapanda vizuri mpaka kwenye tundu — akakwama mabegani. Tukamshusha, tukamgeuza, tukavuta tena. Wapi. Kicheko kikaisha. Ikabidi ajipenyeze mwenyewe, mikono mbele. Aliyezimia hawezi hivyo.

Alipotoka akanivuta pembeni. "Mpwa wangu, ingekuwa kweli, sasa hivi mngekuwa mnanichimbia kaburi."

Na miaka yote hii anaingia mle!

Jumapili, 9 Machi
Jana nilimwambia meneja tenki kubwa haliingiwi mpaka likatwe mlango mpana ubavuni. Akasema malori ya molasi mpya yanafika Jumatatu, lazima lisafishwe kwanza. Nikasema yasubiri. Akaondoka bila kuaga.

Leo Mjomba kaja nyumbani. Kumbe kapigiwa simu na meneja. Anasema ataingia chapuchapu atoke, hataki nifukuzwe kwa ajili yake. Mtu aliyenibeba mabegani nikiwa mdogo — namkataliaje?

"Mjomba, huingii."

Mama akaacha kumimina chai. Mjomba akainuka, akaenda zake.

Jumatatu, 10 Machi
Nipo juu ya tenki, nimekalia mfuniko. Daftari liko gotini. Malori yamejipanga getini. Meneja yuko chini, simu sikioni, ananitazama.

Mjomba kapanda ngazi, mkanda wa kuvutia umeshafungwa kifuani. Nikajua nimekwisha — mimi na yeye hatuwezi kusukumana mbele za watu. Akasimama akihema. Kisha akaufungua mkanda, akauweka chini.

"Sogea kidogo."

Nimesogea. Mfuniko mdogo, tumebanana.

Meneja ameanza kupanda.