Mlenda Walioandika ni Gugu

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, mama. Huku Hombolo tu wazima, na zabibu zimeanza kuiva.

Unaniuliza kwa hasira kwa nini tovuti ya mimea imeandika kuwa mlenda wetu ni gugu. Mama, hata mimi niliwahi kuuona gugu. Nilipoolewa huku, mlenda niliujua mkavu tu, uliosagwa. Nikapalilia shamba la mama mkwe, nikaung'oa wote, nikamwita aje aone nilivyosafisha.

Hakunigombeza. Aliuokota ukiwa umeshanyauka, akaupika, akanipakulia mimi kwanza.

"Kula, mwanangu. Kesho ukilima, jembe liuzunguke."

Basi waandikie hao wa tovuti, ila usiwagombeze. Waambie tu kwamba Hombolo jembe huuzunguka.

Bibi yako