Suti Sita Zisizo na Mifuko

Jumamosi, 6 Julai

Katoka tena. Saa nane mchana, begi la kijivu mgongoni, viatu vya raba. "Nakwenda kikao, Dada." Kikao cha nini? "Cha watu tu." Jumamosi ya tisa mfululizo hii! Mdogo wangu huyu, mtu wa duka la dawa, ambaye hata harusini hujificha nyuma ya spika asisalimiwe.

Si mambo ya mwanaume. Mwanaume ningemjua kwa manukato. Hajipaki hata mafuta ya mdomo.

Nimepekua koti lake jeupe la kazini. Nilitaka kulifua, kwa hiyo si kupekua. Karatasi, mwandiko wake mwenyewe: Tunaondoka siku ya tano. Atakayebaki, abaki. Asiambiwe mtu wa nje mpaka mlango ufungwe.

Nimesoma mara nne. Nimeirudisha palepale. Koti sikulifua.

Jumatatu, 8 Julai

Leo kanijia kwenye cherehani. Mara asifie kola, mara ashike mkasi. Nikajua ana lake jambo. Kumbe suti! Sita, za kitambaa cha kung'aa kama karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara. Zifungwe mpaka shingoni. Na zisiwe na mifuko.

— Suti gani haina mfuko?

— Tunakokwenda hatubebi kitu, Dada.

Kacheka. Mimi sikucheka. Lakini nimekubali. Afadhali nishone mimi, nijue angalau ukubwa wa hao watu. Kaniachia vipimo. Hakuna jina hata moja: Nahodha. Mhandisi. Aliyelala.

Aliyelala ni nani? Kalazwa na nani? Kiuno chake inchi arobaini na mbili.

Suti zikishakatwa nizipeleke Jumamosi wajaribu, kwenye chuo cha udereva, chumba cha nadharia. Haya. Sasa najua wanapokutana.

Alhamisi, 11 Julai

Mwenye chuo cha udereva ni mteja wangu, namshonea makoti ya walimu wake. Leo kaja kuchukua mawili. Nikamuuliza kijuujuu: wale wa Jumamosi ni akina nani? Akasema walimwambia ni klabu ya kusoma.

Nikamweleza ile karatasi. Suti. Aliyelala. Chumvi sikuongeza — kidogo tu, pale kwenye mlango kufungwa. Akakunja uso. Akauliza kama ni dini. Nikasema mimi ni fundi tu, sijui, ila likitokea la kutokea, atakayeulizwa ni mwenye jengo.

Kaondoka bila hata kuyakagua makoti. Nimejisikia mwepesi, kama niliyetua gunia. Kuna mtu mwingine anajua.

Jumamosi, 13 Julai

Sijui nianzie wapi.

Nimekwenda na suti zangu, utepe shingoni, nimejikausha kama sijui kitu. Chumba kimejaa mabango ya alama za barabarani. Katikati, ile injini iliyokatwa nusu ya kufundishia. Watu kumi na wawili. Na juu ya meza kalala mzee mmoja, macho kafumba, mikono kifuani!

Nikasema: mnamfanya nini huyu?

Mzee akafungua jicho moja. "Bado miaka arobaini tufike. Usiniamshe."

Wakacheka mpaka wakashika kuta. Huyo ndiye Aliyelala. Ni Fundi Saa, yule mwenye kibanda pembeni ya benki. Nahodha ni mama mnene wa posta, anayegonga mihuri kama anaua mende. Hawaabudu kitu. Wanapenda hadithi — za vyombo vya anga, za sayari, za mashine zenye akili — na wenyewe wanatunga yao. Watu wanaohama na dunia yao iliyochakaa. Kila mwezi wanachapa gazeti la kurasa ishirini, wanabana kwa stepla. Ile karatasi ya mdogo wangu ni sura ya saba. Na tarehe 27 wanakuja wenzao wa miji mingine, waigize sura hiyo wakiwa na suti zangu.

Wanavyobishana sasa! Saa nzima juu ya maji: lita ngapi kwa safari ya miaka arobaini. Fundi Saa ana daftari la hesabu zake, hakubali hata kikombe kizidi. Nahodha anagonga meza. Na nani anawanyamazisha wote? Mdogo wangu! Kasimama mbele ya bango la "Simama" anaeleza jinsi jasho la watu linavyoweza kuchujwa likanyweka. Sauti kubwa. Mikono inakwenda. Nilimtazama kama mtoto wa jirani.

Nahodha akanigeukia: na wewe dada fundi, suti zinasemaje? Nikasema ukweli wangu. Mtu akiogopa hutafuta pa kuweka mikono. Suti isiyo na mfuko ni ya mtu asiyeogopa, na hawa wanaacha kwao.

Nahodha akaacha kugonga meza. Nikajua nimeharibu. Halafu Fundi Saa akaketi pale mezani, akapiga makofi. Kurasa tatu zikaandikwa upya palepale kwa sababu ya mfuko wangu!

Wala hawakuniambia nisikae. Nimekaa mpaka mwisho.

Jumapili, 14 Julai

Nimesoma magazeti yao yote saba. Nimeunguza mkono wa shati la mteja, pasi nimeisahau juu yake. Yule mhandisi aliyebaki nyuma kuzima taa — nimelia. Mimi!

Nitamwona mwenye chuo kesho, nimwambie nilikosea.

Jumatano, 17 Julai

Sijakwenda. Mashati ya shule. Na labda alishasahau.

Jumamosi, 20 Julai

Kufuli.

Kufuli jipya, kubwa, na tangazo mlangoni: chumba hakitatumika tena kwa mikutano ya imani zisizoeleweka. Imani! Wiki moja kabla ya wageni kufika. Tumesimama barazani, wanafunzi wa udereva wanapita wakitukata macho. Mmoja kavuta mkono wa mwenzake, wakapita mbali.

Nahodha alikuwa mtulivu kupita kiasi. Akasema: aliyesema ni wa ndani. Mwenye chuo nimempigia simu: hamtaji mtu, ila anajua habari ya mlango kufungwa. Anajua kuna Aliyelala. Mtu wa njiani angeyajuaje?

Wakaanza kutazamana. Watu wale wale! Kila mtu anakumbuka nani alichelewa, nani alitoka nje kupokea simu. Mmoja akasema amemwona Fundi Saa Jumanne akiongea na mwenye chuo, wamesogeleana. Mzee akasema alikuwa anambadilishia betri ya saa. Mbona mmesogeleana? "Saa iko mkononi mwake, nimsogelee nani?" Hakuna aliyecheka.

Mimi nilikuwa nimekunja utepe, naukunjua, naukunja.

Nikasema waje kwangu. Karakana yangu inatosha tukisogeza meza ya kukatia. Nahodha akanikumbatia mbele ya wote. Mdogo wangu alinitazama kwa fahari — sijawahi kuona jicho lile kwake.

Jumanne, 23 Julai

Wamemwondoa Fundi Saa. Hakuna aliyemwambia wazi. Wamekutana bila kumwita, basi. Leo kaleta daftari lake la maji dukani kwa mdogo wangu, kalisukuma chini ya dirisha la dawa, kaondoka. Hakudai kitu. Alisema hesabu za ukurasa wa mwisho hajazihakiki, wazirudie.

Mdogo wangu kalia jikoni. Anasema: Dada, miaka yote nilidhani mimi ni kituko. Pale nikiongea hakuna anayenikata. Sasa nikiongea, namtazama kila mtu nafikiri, ni wewe?

Kisha akauliza: wewe unamshuku nani?

Nilikuwa naosha sufuria safi. Nikasema: mimi ni mgeni, siwezi kumsema mtu.

Ijumaa, 26 Julai

Nimekwenda. Mwishowe nimekwenda.

Mwenye chuo alikuwa ofisini anasaini fomu. Nikamweleza yote: hadithi, mabango, maji. Nikamwonyesha gazeti. Akasoma kurasa mbili amesimama, akaketi, akasoma nyingine. Akauliza huyu mhandisi anakufa? Nikasema sijui, bado haijaandikwa.

Akasema atafungua chumba. Nikataka kumbusu mkono! Lakini akaendelea. Wiki nzima watu wa posta wanamgongea mihuri kwa hasira. Kibanda cha saa hakimpokei. Hataki kubaki mbaya peke yake. Atakuja kwangu kesho, aombe radhi mbele ya wote, na aeleze maneno aliyatoa wapi.

Nikasema: usinitaje mbele ya watu, nitaeleza mwenyewe. Akasema: umekuwa na wiki mbili.

Jumamosi, 27 Julai

Saa sita. Wamejaa kwangu, wa hapa na wa miji mingine. Suti tano zimevaliwa, zinamulika ukuta mzima kama kuna maji. Ya sita, ya Aliyelala, imetundikwa. Wanataka kijana mmoja mgeni aivae, lakini alipoijaribu ilimning'inia kama hema.

Asubuhi, nikimpima mdogo wangu pindo, nilifungua mdomo mara mbili. Mara ya kwanza akasema, "Dada, hivi ulijua kuwa wewe ndiye umetuokoa?" Mara ya pili Nahodha aliingia na viti.

Saa sita na robo. Gari la mafunzo limesimama nje, lile la alama nyekundu. Kashuka mwenye chuo. Upande wa pili — Fundi Saa. Kaja naye! Kavaa suruali yenye mstari wa pasi, kashika kofia kwa mikono miwili.

Kule mbele wote wamegeukia mlango. Nahodha anauliza: hawa kawaita nani?

Nimesema nakwenda kutafuta pini. Niko nyuma ya pazia, naandika nimesimama. Namsikia mwenye chuo anasafisha koo. Mdogo wangu anaita, "Dada? Dada, njoo, wewe ndiye mwenyeji."

Pini zote ziko hapa, kwenye kimto, mkononi mwangu.