Vichupa Viwili vya Mate

4 Machi

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe na mama hamjambo na goti lako limetulia. Mimi mzima, ila nina hasira.

Unakumbuka likizo nilivyowatemesha mate kwenye vichupa, mama akacheka hadi akapaliwa? Nilitaka wanafunzi wangu wa maabara wajifunze kusoma vinasaba kwa mate ya watu ninaowajua: mimi, mama na wewe. Majibu ninayo kichwani, kwa hiyo mtu akikosea namkamata. Basi amekosea yule niliyemtegemea kuliko wote, binti tunayemwita Darubini kwa kuwa jicho lake halipitwi na kitu. Alipohamishia mate kwenye vichupa vipya akabadilisha majina. Karatasi yake inasema wewe ndiye uliyenizaa, na mama ni dada yako tu! Darasa zima liliangua kicheko. Nimemwambia arudie.

Vichupa vya mwanzo vimebaki na matone tu. Naomba mniwekee mate mapya kwenye hivi nilivyotuma.

Mwanao.

19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima, goti ndilo linalonisumbua nikikanyaga cherehani. Mate sijatuma, nina mafua. Huyo binti msamehe bwana. Hata mimi fundi nimewahi kumshonea mteja suruali yenye mguu mmoja mrefu, na dunia haikuanguka. Kwani lazima arudie? Mpe kazi nyingine.

Mama yako mdogo.

27 Machi

Mama mdogo,

Shikamoo. Pole na mafua, ingawa mafua hayabadilishi vinasaba.

Darubini amerudia mara tatu, jibu ni lile lile. Jana nilimwita ofisini. Akatazama sakafu, akasema, "Nimekosea mimi, mwalimu." Basi. Ijumaa ijayo namtoa kwenye mradi, na nafasi yake ya kwenda kusomea shahada ya juu atapewa mwingine. Roho inaniuma, maana nimemlea mwaka wa tatu huu. Lakini anayechanganya mate yenu leo, kesho atachanganya damu za wagonjwa.

Mwanao.

30 Machi

Mwanangu,

Sijui nikusalimu vipi leo. Usimtoe huyo binti. Hakuchanganya kitu.

Nilikuzaa mimi, nikiwa na miaka kumi na saba. Dada alikuwa na miaka sita kwenye ndoa bila mtoto. Alikuchukua ukiwa na siku nane, nami nikabaki mama mdogo. Tuliapa tusiseme. Niliposikia mate nikadhani mnatafuta ugonjwa, nikatema bila wasiwasi, mjinga mimi.

Siri hii nimeibeba miaka thelathini na minne na haikunishinda. Lakini mtoto wa watu afukuzwe kwa sababu amesema ukweli wangu? Hapo nimeshindwa.

Nimemsomea dada barua hii. Alinyanyuka akaniletea bahasha.

Mimi.

6 Aprili

Shikamoo.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Miaka kumi nasimama mbele ya ubao nikifundisha kwamba mtoto huchukua nusu kwa mama na nusu kwa baba, na sikujua nusu yangu imekaa kwenye cherehani. Nina hasira nanyi wote wawili, sitaki kuficha. Mama amenipigia simu, tumelia tu.

Ijumaa niliwaambia wanafunzi wote kwamba Darubini alipima sawa na kosa lilikuwa langu. Nafasi yake iko palepale. Walipotoka nikamuuliza kwa nini alikiri kosa ambalo hakulifanya.

"Mara ya pili nilikwangua masalia ya vichupa ulivyoviandika kwa mkono wako, mwalimu. Jibu likawa lile lile, nikajua. Nikaona heri nifukuzwe kuliko mambo ya mama yako uyasikie kwangu."

Mimi ndiye niliyemfundisha kwamba kipimo hakina haya, naye akanionea haya mimi.

Sijui nitakuja lini. Nimekaa saa nzima nikitafuta namna mpya ya kutia sahihi, kwa kuwa sasa mambo si yale. Sikuipata. Ile ya siku zote ilikuwa kweli tangu mwanzo, na ni mimi peke yangu niliyekuwa sijui.

Mwanao.